Siku Niliyoipaka Kompyuta ya Mama Rangi Nyeusi

Nilifanya kila kitu kwenye kompyuta ya mama kiwe cheusi: maandishi meusi juu ya karatasi nyeusi, vitufe vyeusi, kingo nyeusi. Nia yangu ilikuwa arudi kutoka posta adhani stima imepotea, huku taa ya darini inawaka. Nilicheka peke yangu. Kisha nikataka kurudisha, nikagundua kwamba neno la kubonyeza ili urudishe nalo ni jeusi.

Mama ni mchapaji katika duka moja mjini Kisii. Likizo nashinda naye pale kwa sababu nikiachwa peke yangu nyumbani Nyakoe, kuna vitu huvunjika. Asubuhi hiyo alikuwa amechapa historia ya mzee mmoja wa Gesima, ya kusomwa mazishini. Mzee aliacha wake wanne na watoto wa kujaza darasa. Tangu afariki, ukoo ulikuwa unabishana nani aandikwe kabla ya nani, na ndiyo kwanza walikuwa wamepatana. Mama alipomaliza kuchapa, kifungua mimba wa marehemu, mwalimu mmoja mwenye kofia, aliichoma ile karatasi aliyoileta, iliyoandikwa kwa mkono, kwenye jiko la muuza chai wa jirani, asije mtu akabaki na mpangilio mwingine mfukoni. Kwa hiyo amani ya boma zima ilikuwa ndani ya mashine, na mashine ilikuwa imevaa nguo za matanga.

Mama aliporudi hakudhani stima imepotea. Aliangalia taa, akaangalia kioo, akaketi. Yule mwalimu naye akaingia, akavua kofia, akauliza kama kazi iko tayari. Mama akamwambia akae kidogo.

Fundi akaitwa. Ni kijana aliyesomea Nairobi na hapendi watu wasahau hilo. Alibonyeza mara mbili akatangaza kwamba ni virusi. Akasema kuna njia mbili. Kila asubuhi ikiwashwa, mashine hujiwekea nakala ya mipangilio yake; angeweza kurudisha ya leo, na kazi za mama zisiguswe. Lakini hiyo hufaa iwapo mtu amechezea mipangilio tu. Kwa virusi, ni kupaka mafuta mguu uliovunjika. Njia ya pili ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Mama akauliza kama historia haiwezi kuhamishiwa kwenye diski kwanza. Fundi akasema diski itabeba virusi vilevile. Akatoa CD kwenye mkoba. Ilionekana anaipenda sana hiyo CD.

"Kuna mtu amechezea hii kitu?" akauliza.

"Ni mimi tu naigusa," mama akasema. "Huyu wangu hata kuiwasha hajui."

Mwalimu alikuwa ameanza kuhesabu wake za baba yake kwa vidole, midomo ikicheza. Alipofika kwa wa tatu alisita, akaanza tena. Fundi akabonyeza kitufe, kile kitrei cha CD kikatoka nje kama ulimi.

"Si virusi," nikasema. "Ni rangi. Niliziweka mama akiwa posta."

Fundi alirudisha CD kwenye mkoba polepole, kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Akazima, akawasha, akaandika maneno machache, akachagua nakala ya asubuhi. Mashine ikafikiri. Mimi pia nilikuwa nafikiri, hasa kuhusu mlango.

Weupe ukarudi. Mama akafungua historia, na wake wanne wakatokea kwa zamu yao, wa tatu mahali hasa alipopigania. Mwalimu alisoma karatasi iliyotoka kwenye printa mara mbili, akavaa kofia, akatupa mkono sote, hata mimi, akaenda.

Mama akaifunika kompyuta na kitambaa chake cha kufuma. Siku nikiharibu huniita mogaka, yaani mzee.

"Mogaka," akasema, "kwa vile unapenda nyeusi, kesho tunaenda wote Gesima. Kuna masufuria ya matanga huko, yamejaa masizi, yanangoja wa kuyasugua."