Wangare na Chai Zisizohesabiwa

Haya ninayotaka kuwaandikia hamtayaamini, na siwalaumu. Hata mimi niliyekuwepo huwa naamka asubuhi nyingine nikajiuliza kama sikuota. Lakini ni kweli tupu, na aliyeyaona ni mimi Jamleck, mtu mwenye macho makali kuliko wote hapa Elburgon. Msiniulize habari ya shule. Niliachia darasa la saba, kwa sababu walimu walikuwa wamemaliza vya kunifundisha.

Ni habari ya Wangare, mtoto wa dada yangu. Ukiwa umewahi kula chipsi Nakuru mjini, basi huenda umekula viazi vilivyopita mikononi mwake. Hununua viazi huko Mau Narok, shamba hadi shamba, anajaza lori, anateremka nalo sokoni Nakuru. Mimi ninaishi kwenye boma lake tangu mke wangu afariki, na ugali wangu unatoka kwenye lori hilo hilo. Kwa hiyo nikisema goti la Wangare liliniuma mimi pia, msicheke.

Maana mambo yalianzia kwenye goti. Wangare ni mtu wa mwili. Ukoo wetu wote ni watu wa mwili, isipokuwa mimi niliyebarikiwa umbo la mwanariadha. Na kazi yake ina jambo moja ambalo hawezi kumwachia mtu mwingine: kupanda juu ya lori likishapakiwa, abonyeze magunia kwa mkono wake. Asipopanda atafika Nakuru akute katikati ya gunia wamefukia viazi vya ukubwa wa gololi, na juu wamepanga vile vikubwa vya kupiga picha. Sasa goti likaanza kukataa. Akiweka mguu juu ya tairi, uso wote unakunjamana.

Daktari akamwambia wazi: “Mama, hili goti linabeba mzigo usio wake. Punguza mwili. Usipopunguza, kufika mwisho wa mwaka huu utasahau kupanda lori.”

Na mnunuzi wa viazi asiyepanda lori ni nani? Ni mtu wa kukaa nyumbani akingoja kudanganywa.

Basi Wangare akaingia dayati kwa hasira. Asubuhi hali kitu. Mchana maji ya kabeji, ambayo hata kuku wetu waliyanusa wakaenda zao. Jioni kipande cha ugali unachoweza kukifunika kwa kizibo. Na kweli mwanzoni mwili ulishuka. Alikuwa akijipima kwenye mizani ya viazi pale stoo, akirudi nyumbani anaimba. Halafu ile mizani ikasimama. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, sindano iko palepale.

“Labda mizani imechoka na wewe,” nikamwambia.

“Anko, leo usinianze.”

Nilijua ni mbaya, kwa sababu kwa kawaida hunirudishia maneno mawili kwa moja langu. Akaenda kumwona Joan, msichana wa lishe pale kliniki. Joan akamwuliza anakula nini. Wangare akataja yote, bila kuficha hata punje. Yule msichana akatazama mizani, akamtazama Wangare, akasema kwa upole, “Mama, kuna kitu hunielezi.”

Alirudi nyumbani akaketi jikoni, akalia. “Mimi si mwongo, Anko. Ninalala njaa, halafu naambiwa ninaficha.” Nilimkorogea chai, na nikamwekea sukari nyingi, ya kumliwaza. Kumbukeni hiyo chai.

Siku chache baadaye mtu anayemsaidia shambani akawa na matanga kwao Molo, na Wangare akaniomba nimsindikize nilinde lori. Nikavaa koti langu la harusi. Dereva, kijana mmoja mwerevu anaitwa Ooko, akaniona akasema, “Mzee, tunaenda kununua viazi ama kuposa?” Nikamwambia anyamaze ashike usukani.

Shamba la kwanza lilikuwa la Jepkorir, mama mmoja ambaye viazi vyake vinajulikana mpaka Sachangwan. Kabla hatujasema bei, ametuingiza ndani. Baridi ya Mau Narok mnaijua, inaingia mpaka kwenye meno. Chai ikaja, maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa alfajiri, nzito unaweza kusimamisha kijiko, na sukari imeshatiwa tayari. Na kando yake sahani ya viazi vya kuchemsha. Tukanywa, tukaongezwa. Shamba la pili, chai na mandazi. Lililofuata, chai na chapati, na mama wa pale akanishika mkono akisema nimekonda. Mwanamke mwenye akili sana yule. Na hivyo hivyo, kila boma tuliloingia, mpaka jua likaanza kuinama juu ya mashamba ya ngano.

Tukiwa njiani nikashindwa. “Ooko, simamisha gari nilegeze mshipi.”

“Una nini, Anko?” Wangare akauliza.

“Nimeshiba mpaka macho hayafungi.”

“Umeshiba nini, na hatujala kitu tangu asubuhi?”

Nikamtazama nikidhani ananichezea. Hapana. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye njaa ya haki. “Hatujala?” nikasema. “Na vile viazi vya kwa Jepkorir? Na mandazi? Na chapati?”

“Hiyo si chakula. Si ilikuwa chai tu.”

Ooko akaanza kucheka, halafu akaacha. “Mathe,” akamwambia Wangare polepole, “hata mimi huwa siihesabu.”

Na nani huihesabu? Hata mimi ile niliyomkorogea jikoni sikuihesabu. Huku kwetu juu chai si chakula. Mtu anaweza kumeza mkate mzima na chai, halafu akakwambia leo hajatia kitu mdomoni, na anasema kweli. Wangare akaanza kuhesabu maboma kwa vidole. Kisha akasema, “Yule msichana aliniuliza nakula nini. Hakuniuliza nimeingia nyumba ngapi.”

Nawaambia, hapo ndipo nilipomponya. Daktari na vyeti vyake vyote hakuona kitu. Jamleck kwa tumbo lake tu akaona.

Lakini sasa Wangare kichwa chake ni kama cha mama yake. Safari iliyofuata akaamua atakataa chai yote. Jepkorir akaweka kikombe mezani, Wangare akasema, “Asante, mimi sinywi.” Mimi nilikunywa changu kwa heshima, lakini niliona uso wa yule mama ukifungwa kama duka la Jumapili. Mnunuzi anayekataa chai yako kabla ya bei anakuja kukukandamiza. Hataki kuwa amekula kwako. Jepkorir akasema viazi vyake bado havijakomaa. Viazi vyenyewe vilikuwa vimeshachimbwa, vimelala uani vinatutazama! Mashamba mengine yakawa vilevile. Lori likarudi nusu tupu.

Usiku ule hakupika. Akaniambia, “Nikinywa, goti linaisha. Nisipokunywa, biashara inaisha. Niambie nichague nini.”

Mimi nilimshauri aache kukataa kwa mdomo, aende aeleze kwa mdomo huo huo. Au pengine aliwaza mwenyewe. Mambo mazuri huwa tunayawaza pamoja. Tukarudi kwa Jepkorir bila lori. Wangare akakunja sketi, akamwonyesha goti lililovimba, akamweleza yote, hata kulia kwake jikoni.

Jepkorir akapiga makofi. “Wewe mama! Mimi nilidhani umepata viazi vya jirani, ukaanza kuona sufuria yangu ni chafu! Si ungesema tu?”

“Niliona aibu.”

“Aibu ya goti? Sasa nisikilize. Kwangu hutoki mdomo mtupu. Hiyo siwezi.” Akatoka mpaka shambani, akang'oa karoti, akaiosha kwenye ndoo, akamwekea mkononi na majani yake. “Kula hii. Ukiikataa, nafungulia mbwa.”

Wangare akaila pale pale amesimama, akitafuna kwa kishindo, na wote wawili wakacheka mpaka ng'ombe akageuka.

Na ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Chai anakunywa boma moja kwa siku, ameketi vizuri, na sukari anatia mwenyewe. Kwingine kote huomba kitu cha shambani: karoti, au minji, yaani njegere mbichi kwenye maganda yake. Wakulima wanafurahi kuliko zamani, maana nani aliwahi kuja kusifu karoti zao akizitafuna? Wanamwita Mama Karoti. Na zaidi ya hapo, aliacha kujinyima. Asubuhi kabla ya safari anakula yai na sukuma, au githeri ya mahindi na maharagwe iliyobaki, ashibe kama mtu. Jioni ugali ni wa kadiri ya ngumi yake, na managu, yale majani ya mnavu, ni mlima. Jumapili anakula chapati pamoja nasi, na hakuna anayemtazama. Hakuapa kuacha kitu chochote, labda ndiyo sababu hakuvunja kiapo.

Ile sindano ikaanza kusogea tena. Polepole, jamani. Kuna wiki ilikataa, na mimi nikaogopa atarudia yale maji ya kabeji, lakini alifunga stoo akaenda zake kupika. Joan wa kliniki alipelekewa mfuko wa karoti, akaomba msamaha, Wangare akamwambia ni yeye aliyesaidia kwa kuuliza. Mimi humshukuru Mungu kila nikisali, na baada ya Mungu humshukuru Jepkorir, maana angeweza kukasirika milele na hakuna ambaye angemlaumu. Na namshukuru Wangare, aliyebaki na miguu yake, na mimi nikabaki na nyumba yenye kelele. Hata sasa ninapoandika kwenye meza hii, yuko nyuma yangu anachambua managu, na anatembea huku na huku bila kuguna.

Basi nimalizie. Mwisho wa mwaka ule ule daktari aliousema, tulikuwa uani kwa Jepkorir, lori limepakiwa mpaka juu. Watu wote wametoa macho. Mimi nimesimama karibu kabisa, naona kila kitu. Wangare akarudi nyuma hatua kadhaa, akakimbia, akaruka kama swara, hakugusa tairi, hakugusa kamba, akapita juu ya kichwa cha Ooko, na kabla hata hajatua alikuwa ameshabonyeza gunia la kwanza na la—

“Swara gani, Anko? Nilipanda polepole, nimeshika kamba, mpaka juu. Na wewe ulikuwa umelala kwenye kiti cha dereva.”