Pini ya Bastola ya Samatar

Mume wangu Kiilu hakuweza kukipita kitu kibovu. Ukimkaribisha kwako, kabla chai haijapoa ameshaifungua redio yako, na hakuna aliyemtuma. Watu wa mji wetu wa Kabati walimsifu kwa hilo. Mimi niliyeishi naye miaka thelathini nakiita kiherehere, na kilimmaliza mtu.

Alikuwa fundi wa silaha wa polisi, kazi aliyojifunza jeshini wakati wa mkoloni. Mwaka wa 1968 aliletewa bastola ya Kiitaliano iliyokutwa kwa Samatar, Msomali mfanyabiashara wa mbuzi kule Tseikuru. Baba yake Samatar aliiokota vitani, ikabaki sandukuni. Korti ilitaka kujua jambo moja tu: inalipuka au hailipuki? Isiyolipuka ingemletea faini. Inayolipuka, siku zile za vita vya shifta, waasi wa Kisomali, ilikuwa miaka kumi na zaidi.

Jumamosi mke wa Samatar, Kaltun, alikuja kwetu na kibuyu cha samli, kwani nani huenda kwa watu mikono mitupu? Nilimpa chai.

"Mzee, siombi uongo," alimwambia Kiilu. "Sema tu vile umeona."

"Nitasema, mama. Hiyo ni chuma tu, haiwezi kuua hata kuku."

Jumatatu aliandika ripoti yake. Fremu na chuma cha juu vina namba moja, vya kiwandani. Mpini wa mbao si wake. Magazini ni ya bastola nyingine. Pini inayogonga kitako cha risasi imebadilishwa. Kulipuka kwenyewe kungejaribiwa Alhamisi mbele ya hakimu.

Jumanne nilimpelekea chakula kazini, nikamkuta na tupa mkononi, jasho likimtoka.

"Unafanya nini?"

"Mtu alichonga msumari akaita pini, Muthoki! Fupi, haigusi hata risasi. Nimetupa. Sasa nimeweka pini ya maana."

"Na Samatar?"

"Si nimeandika pini ilibadilishwa? Nitaeleza. Lakini silaha haiwezi kutoka kwa meza yangu ikiwa kiwete."

Ningepiga kelele. Ningemnyang'anya ile tupa. Nilikusanya vyombo nikaenda zangu, na kwa hilo sijajisamehe.

Alhamisi nilikuwa kortini. Walitoka nje, sajini akaelekeza bastola kwenye kichuguu akafyatua. Ililia mara ya kwanza. Nilikuwa namtazama Kiilu, na naapa, alitabasamu. Kidogo tu, kabla ya kukumbuka.

"Mheshimiwa," alisema walipoketi tena, "hiyo pini nilitengeneza mimi. Ile ya kwanza ilikuwa msumari. Haikuwa inalipuka."

Hakimu aliisoma ripoti tena. "Hapa umeandika imebadilishwa. Hujaandika na nani."

"Nilibadilisha baada ya kuandika."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu."

"Huo msumari uko wapi?"

"Nilitupa, mheshimiwa."

Kiongozi wa mashtaka aliinuka polepole, mtu anayejua chakula kimeiva. "Mzee Kiilu, bibi ya mshtakiwa alifika kwako Jumamosi?"

"Alifika."

"Alileta nini?"

Kiilu alinitazama mimi. Hakujua kusema uongo, maskini, hata siku ile ambayo ukweli ulikuwa unamgeuka.

"Samli," alisema.

Korti nzima ilicheka. Tangu hapo kila neno lake lilinuka samli. Fundi amenunuliwa, wakasema, anajaribu kumwokoa Msomali kwa hadithi ya msumari. Samatar akapewa miaka kumi na minne. Alipopitishwa mbele yetu na pingu hakutukana. Aliuliza tu, "Kiilu, nani alikuomba utengeneze?" Askari akamsukuma mbele.

Kiilu alifukuzwa kazi mwezi uleule. Simhurumii. Yeye alipoteza mshahara, mwenzake alipoteza kila kitu.

Mwaka wa nne Samatar alifia gerezani kwa kuhara. Kaltun alitoka Tseikuru mpaka kwetu, akakataa kuketi, akakataa maji. Nilidhani amekuja kumlaani mume wangu, na moyoni nilikuwa tayari kuitikia amina. Lakini sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Sikuombei mabaya, mzee," alisema. "Nafikiria tu, kama ungekuwa mvivu siku moja, baba ya watoto wangu angekuwa nyumbani."