Nilimnyima Mwanangu Maneno Yake

Wenzangu, kosa ni langu. Mwalimu hayumo, baba mtoto hayumo. Ni mimi na mdomo wangu.

Binti yangu Nekesa yuko Gredi ya Tano, hapa Munyaka. Muhula uliopita aliniletea insha kuhusu kukhu, yaani nyanyake, mamangu mzazi. Aliandika: "Kukhu akicheka anaficha mdomo na leso kwa sababu ya pengo. Akinikumbatia nguo zake zinanuka moshi, lakini najizuia kupiga chafya ili asiniachilie."

Lo! Badala ya kufurahi, niliwaka. Mtoto wa jirani alikuwa akimwaga methali na tashbihi kama maji, na mimi sikutaka kuachwa nyuma.

"Hii ni insha ama ni umbea?" nikamwambia. "Jua liko wapi? Ndege wako wapi? Hakuna hata methali moja! Andika vile wengine wanaandika!"

Basi kila jioni mimi nikisonga ugali, yeye anakariri. Jua lilichomoza mashariki, ndege wakaimba kwa furaha. Akaanza kupata alama za juu. Nilivyoringa kwenye chama cha akina mama kanisani! Hata aibu sikuona.

Kisha Mungu akamchukua mamangu. Siku ya mazishi tukampa Nekesa nafasi aseme machache kuhusu kukhu wake. Mvua inanyesha, tumebanana chini ya hema. Mtoto akafungua karatasi, akasoma kwa sauti kubwa: "Jua lilikuwa limechomoza kutoka mashariki, nao ndege waliimba kwa furaha..."

Watu wakaanza kuchekea kwenye mikono. Akaendelea: "Machozi yalinitiririka njia mbilimbili." Macho yake makavu! Pengo halikutajwa. Moshi haukutajwa. Mamangu akazikwa kwa jua na ndege wa kukariri.

Tulipotoka kaburini nikamuuliza, "Kwa nini hukusema yale ya leso?"

"Mama, si ulisema huo ni umbea?"

Nilimshika tu mkono. Uchungu wa siku hiyo haujaniisha, wala sijui nitautua wapi.

Mzazi unayesoma haya, mtoto wako akikuletea maneno yake, hata yakiwa yamepinda, yapokee. Usiyanyooshe! Mimi siku hizi nambembeleza wangu, "Nekesa, andika chochote unachotaka, hata cha kukhu."

Anashika kalamu. Anakaa. Halafu ananitazama usoni: "Mama, nianze na jua?"