Barua Zilizokwama Langoni

Kwa miaka mingi kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kusoma barua pepe zilizoshikwa. Kampuni yetu ya mbegu hapa Eldoret ina mtambo unaosimama mbele ya visanduku vya barua vya wafanyakazi wote. Tunauita lango. Barua yoyote inayotoka nje hupita hapo kwanza. Ikiwa safi, inaingia. Ikiwa na dalili za utapeli au virusi, inawekwa kando mpaka mtu aitazame, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikunywa chai yangu huku nikisoma orodha, nikaachilia zilizo halali na kufuta uchafu. Sikufundishwa kazi hiyo darasani. Niliingia kampuni kama karani wa ghala, nikaifikia kompyuta kwa kusoma vitabu vya maelekezo ambavyo wenzangu waliviacha ndani ya nailoni zake, na kila nilichosoma nilikijaribu kabla ya kufungua ukurasa uliofuata.

Katika orodha hiyo kulikuwa na anwani moja niliyoizoea. Ilikuwa ya cyber moja, duka la kompyuta na intaneti, katika mji mdogo wa Ziwa. Wakulima wetu wa mkataba upande ule, wengi hawana barua pepe, na walio nayo wamesahau nywila. Siku ya soko wanaingia kwa mama mwenye cyber na kumweleza shida yao. Yeye anaandika barua, anaichapa, mkulima anatia sahihi, kisha mama yule anaiskani na kuituma kwetu kutoka anwani yake mwenyewe. Kwa hiyo siku moja katika wiki, ndani ya muda mfupi, anwani moja ilituma rundo la barua zinazofanana, kila moja na kiambatisho chake. Lango lilizitilia shaka zote, na halikukosea. Akaunti iliyoibwa hufanya hivyo hivyo. Sikuiweka anwani hiyo kwenye orodha ya wanaoaminiwa, kwa sababu kompyuta za cyber hupata virusi kama watoto wa nasari wanavyopata mafua. Nilipendelea kuzitazama kwa macho. Lango lilishika, mimi nikaachilia, na hakuna mkulima aliyejua kwamba barua yake ililazwa rumande kwa saa chache.

Kisha makao makuu ya Nairobi yakajenga jukwaa moja la kufuatilia usalama wa matawi yote. Agizo lilikuwa fupi: kila tawi litume huko logi za lango lake. Logi ni mistari tu, mstari mmoja kwa kila barua: imetoka wapi, inakwenda kwa nani, kichwa chake kinasema nini, ina kiambatisho cha aina gani, lango limeamua nini. Nililiona agizo kuwa la busara. Mtu akijaribu kutuingilia sisi leo na tawi lingine kesho, ni nani atakayeona yote mawili isipokuwa mtu aliye katikati?

Kazi yenyewe ilinichosha vibaya. Mwanzoni mistari ilitoka kwangu lakini kule haikufika. Watu wa mtandao wakasema njia iko wazi. Watu wa jukwaa wakasema hawaoni kitu. Nikagundua kwamba njia iliyo wazi ilikuwa ya seva ya zamani. Ikarekebishwa, mistari ikaanza kufika, lakini mingine ilipotelea njiani bila lango kujua, kwa sababu njia tuliyoitumia haingoji jibu. Nikabadilisha njia. Njia mpya ikadai cheti cha kidijitali cha kututambulisha. Cheti nilichotumiwa kilikuwa cha tawi jingine. Kila hatua ilikuwa na fomu yake na mtu wake, na huyo mtu alikuwa likizoni.

Mwishowe watu wa jukwaa wakaniandikia: kichwa cha barua kiondolewe kwenye logi kabla ya kutumwa, kwa ajili ya faragha ya wateja. Nikakiondoa. Mistari ikatiririka safi, nami nikafurahi kama mtu aliyefungua mfereji akaona maji yakifika bustanini.

Majuma machache baadaye jukwaa likapewa mamlaka ya kufunga anwani lenyewe pale linapoona dalili mbaya. Mamlaka yangu yakapunguzwa siku hiyo hiyo. Barua ambazo lango lilizishika kwa hukumu yake lenyewe, niliweza bado kuziachilia. Zile zilizofungwa kwa amri ya Nairobi zilihamia orodha nyingine. Niliweza kuzisoma, ila kitufe cha kuachilia kilikuwa cha kijivu, hakibonyezeki. Na orodha hiyo ya pili hakuna aliyeniambia ipo.

Niliijua siku mama mmoja alipofika mapokezi akiwa na gambuti zenye matope na leso kichwani. Alikuwa mwalimu mstaafu, mkulima wetu wa mahindi ya mbegu karibu na Ziwa. Msichana wa mapokezi akamleta mlangoni kwangu.

"Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo, Mama. Karibu."

"Kompyuta yako inaogopa mahindi?"

Nikamwambia aketi. Hakuketi.

"Nimeomba mkaguzi. Barua ilienda siku ya soko, ile iliyopita, si hii. Yule wa cyber alinionyesha kwa macho yangu, imeandikwa imetumwa. Nimekaa shambani nikingoja gari. Hata kanisani sikuenda. Mbelewele zimetoka, nimeng'oa, mgongo umekwisha. Mkaguzi hayuko. Sasa nimekuja kuuliza, barua yangu ilipotelea wapi?"

Kwa asiyejua mahindi ya mbegu, nieleze. Hupandwa kwa mistari ya kiume na mistari ya kike. Mbelewele, yale maua ya kileleni, za mistari ya kike lazima zing'olewe kwa mkono kabla hazijamwaga chavua, ili mistari hiyo ipate chavua ya kiume peke yake. Mkaguzi ni lazima afike wakati huo wa maua aone mwenyewe. Asipofika, mahindi hayo hata yawe safi namna gani si mbegu tena. Ni ya ugali. Jambo la pili: shamba la mbegu halitakiwi kuwa na mahindi mengine karibu. Jirani wa mama yule, mwenye duka ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka upande wa kati wa nchi, alikubali kupanda viazi badala ya mahindi ili ampe nafasi. Mapatano ya namna hiyo kati ya boma na boma, kwetu huku, hayapatikani kwa siku moja. Mama yule aliyajenga kwa misimu kadhaa. Shamba likikataliwa, mkataba unakwisha, na viazi vya jirani vinakuwa vimepandwa bure.

Nilifungua orodha ya pili. Barua yake ilikuwamo, pamoja na za wenzake wote wa siku ile. Niliweza kusoma hata kichwa chake: Ombi la mkaguzi, maua yanakaribia. Nikabonyeza kitufe cha kijivu, ingawa nilijua hakifanyi kazi.

Nikapiga simu Nairobi. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya ujana na adabu nyingi. Nikamweleza.

"Mzee wangu, nakuelewa kabisa," akasema. "Lakini hebu kaa kwa kiti changu. Naona anwani moja, barua nyingi, zote na kiambatisho, dakika chache. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningesoma kichwa cha barua."

"Kichwa sina. Nyinyi hamkutuma."

"Nyinyi ndio mlisema tusitume."

"Ni kweli. Ni mambo ya faragha."

Sikuweza hata kumkasirikia. Kwa mistari aliyokuwa nayo, alikuwa sawa. Mimi ndiye niliyehakikisha mistari hiyo inamfikia mizima, mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja kupotea.

"Basi ifungue," nikasema.

"Nitafungua tiketi, ombi lako liingie kwenye foleni. Mwenye anwani athibitishwe kwanza. Atume barua rasmi ya kampuni yake na tovuti yao."

"Ni cyber, dada. Hana tovuti. Ana bango la bati."

Akacheka, halafu akajizuia. "Nitaandika hivyo hivyo. Lakini anayeidhinisha si mimi."

Mama alikuwa amesimama muda wote akisikiliza. "Anasema nini?"

"Anasema tungoje."

"Mwambie mahindi hayajui kungoja."

Nikampeleka kwa msimamizi wa ratiba ya ukaguzi, mtu wa Elgon View, mtaa wa wenye nazo, anayevaa tai hata Jumamosi. Yeye naye alikuwa na sheria yake.

"Kama haiko kwa kisanduku changu, haiko," akaniambia. "Nikianza kupanga magari kwa maneno ya mlangoni, kesho nitapangiwa na kila mtu."

"Iko. Imeshikwa. Njoo uisome kwa skrini yangu."

"Wewe na lango lako. Mlituambia hilo lango ni la kuzuia wezi."

"Mimi ni mwizi?" Mama akamuuliza.

Msimamizi akashika tai yake. "Hapana, Mama. Sikumaanisha wewe."

"Nilifundisha watu wa umri wako kusoma na kuandika. Barua nimeandika. Kama hamtaki kuisoma kwa kompyuta, hii hapa." Akatoa nakala kwenye kipochi, imekunjwa, sahihi ya wino.

Msimamizi aliipokea kwa mikono miwili. Nami nikamsomea majina mengine yote yaliyokuwa kwenye orodha yangu, akayaandika. Wengi wao hawakuchelewa, mahindi yao yalikuwa bado hayajachanua. Mama yule ndiye aliyewahi mvua ya kwanza, akapanda kabla ya wote. Aliyefanya mapema ndiye aliyeumia. Na wakaguzi wote walikuwa upande mwingine wa kaunti, kupita Kaptagat, na gari lililopatikana lilikuwa la kesho kutwa.

Niliomba ruhusa nikaenda nalo. Sikuwa na kazi huko. Sikutaka tu kuketi mbele ya kitufe kile.

Shamba lilikuwa zuri. Mkaguzi, mtu mpole asiyependa maneno, alitembea mstari kwa mstari akiinua majani. Hakupata mbelewele hata moja kwenye mistari ya kike. Alipofika mwisho wa sehemu ya juu alishika hindi moja na kutazama nywele zake. Zilikuwa zimekwisha kukauka, za kahawia.

"Kazi ni safi, Mama," akasema. "Lakini hapa maua yamepita. Sikuyaona."

"Mimi niliyaona."

"Najua."

"Jirani aliona. Mwulize."

Jirani alikuwa amesimama ng'ambo ya ua, kati ya viazi vyake. "Aling'oa zote," akasema. "Hata mimi nilimsaidia ile siku ya mvua."

"Sikatai, Mzee. Lakini fomu inaniuliza niliona nini mimi."

Huko bondeni, karibu na kijito, kulikuwa na kipande ambacho mvua kubwa ilikiharibu, Mama akapanda upya. Huko nywele zilikuwa bado mbichi, na mistari ya kiume inamwaga chavua ukiigusa. Mkaguzi alikikagua polepole kuliko kawaida, akakipitisha. Sehemu ya juu, iliyokuwa kubwa zaidi, akaiandika kuwa ya chakula.

Mama hakulia wala kugomba. Alikwenda kwenye ua, na jirani akamwuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwaka ujao, viazi tena?"

"Huku chini, kama utakubali. Huko juu panda unachotaka."

Njiani kurudi simu yangu ikalia: tiketi yangu imepokelewa na itashughulikiwa kwa zamu. Ilishughulikiwa na kufungwa wakulima wakiwa wameshavuna. Waliikubali anwani ya cyber, na niliposisitiza wakakubali pia vichwa vya barua vitumwe. Ilibidi nianze upya na fomu, na cheti, na yule mtu aliye likizoni.

Msimu huu jirani amepanda mahindi upande wa juu. Nimeyaona, yamestawi. Mama naye alituma ombi lake kupitia cyber, likaingia bila kushikwa, nikaliona likipita. Kesho yake asubuhi akafika mapokezi na gambuti zake, nakala mkononi.

"Imefika, Mama," nikamwambia kabla hajauliza. "Imefika jana."

"Vizuri," akasema, na bado akanyoosha mkono kunipa karatasi. Nikaipokea, nikaipeleka kwa msimamizi kwa miguu yangu.