Vichwa vya Malenge ya Nafuna

Wamboi, au Mama Njau kama anavyoitwa pale Kimbo, hakuwa mtu mbaya. Ni kijicho tu kilichomwingia, na kijicho hakibishi hodi. Miaka yote, kukiwa na ruracio, mahari inapoletwa, majani ya malenge ya kupondea mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi, yalitoka kwenye kishamba chake nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyokuwa nayo.

Kisha akahamia Nafuna ploti ya pili, mama wa Bungoma anayefanya kazi kiwandani Thika. Akapanda maharagwe, akatambaza malenge katikati yake, na mara majani yakawa mapana kama sinia. Maharagwe ya Wamboi yalikuwa yameshikwa na vidukari. Roho ikamuuma.

Lililommaliza ni simu ya Emmah, mdogo wake. "Ruracio ya Ciku wangu imekaribia. Mboga ya mukimo nitaitisha kwa huyo neighbour wako, yake ni fresh."

Ciku! Mtoto aliyembeba mgongoni mwenyewe!

Wamboi alifunzwa na mamake kwamba ukikata kichwa cha malenge, ile ncha inayotambaa, umeyaua. Basi alfajiri moja, akijua Nafuna bado yuko shifti ya usiku, alipita kwenye ua na kisu cha jikoni, akakata kila ncha aliyoiona. Akarudi kunywa chai kwa raha zake, na mimi sitamtetea.

Akangoja yanyauke. Wapi! Kila palipokatwa pakachipuka matawi, kila tawi likaleta majani machanga, ua wote ukafunikwa.

Siku ya ruracio, wanawake wakichambua mboga, Nafuna alimshika Wamboi bega mbele ya wote. "Mama Njau, Mungu akubariki. Kwetu tunakata vichwa ndio izae matawi, lakini na hizi shifti sikuwa napata time. Siku hiyo nikitoka job nilikuona kwa mbali ukinikatia, nikasema, huyu ndiye jirani."

"Kumbe ni wewe tunafaa kushukuru!" Emmah akacheka.

"Si kitu," Wamboi alisema. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Lakini kilichomuuma zaidi alikuwa amekishika mkononi: jani la Nafuna, laini, halina uzi mgumu hata mmoja. Lake halijawahi kuwa hivyo, hata mwaka wa mvua nzuri.