Mieleka Mitatu ya Mume Wangu

Watu wakikumbuka mieleka ya zamani hutaja walioshinda. Mimi hutaja walioanguka. Nilikuwa shabiki kweli kweli, tena shabiki mwenye jicho. Nilijua ngwara ya kisigino na ngwara ya ubavu wa mguu, nilijua mtu aliyechoka mapaja hata kabla hajajua mwenyewe. Mwaka ule mfalme wa Waingereza alipokufa na picha ya binti yake ikaanza kutundikwa bomani, niliona mapigano mengi, na matatu ndiyo ninayoyapenda mpaka leo. Yote matatu alipigana mume wangu.

Mume wangu alikuwa mchinjaji pale Musoma. Alfajiri alichinja ng'ombe kwa ajili ya bucha la mtu mwingine, na siku za gulio alipigana mieleka kwa malipo. Kulikuwa na tajiri mmoja wa mjini, mnunuzi wa pamba, aliyekuwa na maduka Musoma na Bunda. Huyo aligundua kwamba mieleka huleta watu, na watu wakishakuja hununua. Akakodi wapiganaji, akawa anawabeba kwa lori lake kutoka gulio hadi gulio, na mume wangu ndiye aliyekuwa jogoo wao. Mimi nilibebwa pamoja na karai langu la vitumbua, maana hakuna anayepiga kelele na tumbo tupu.

Uwanjani alikuwa hodari, lakini nyumbani alikuwa hodari zaidi. Akishinda alinipiga ili nione jinsi alivyoshinda. Akishindwa alinipiga kwa sababu alishindwa. Kitu nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, talaka. Nilipokimbilia kwa kaka yangu kule Buhare alinipa uji, akanisindikiza kurudi kabla jua halijazama. "Wewe dada unakujaga huku kila mara," aliniambia njiani, "watu wanatuchekaga. Vumilia." Ni rahisi kuvumilia kwa mgongo wa mwenzio. Nilipomwomba mume wangu mwenyewe aniache, alicheka mpaka akakohoa. "Talaka hupati. Utazeekea hapa hapa."

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu nilipokwenda kutazama mieleka.

Pigano la kwanza lilikuwa Musoma, kwenye mchanga karibu na ziwa. Mpinzani alikuwa mvuvi wa Murangi, mfupi, mpana, mwenye mikono iliyokomaa kwa kuvuta nyavu. Mume wangu alimdharau. Alimshika shingo kwa mkono mmoja huku akiwatazama watu, kama anavyoshika mbuzi, na yule mvuvi akaingia chini, akamkumbatia mguu, akamnyanyua. Sitasahau. Mwanamume yule mzito alikwenda juu, miguu ikipiga hewa, akashuka kwa mgongo, na pumzi ikamtoka nikaisikia mimi niliyekuwa kwenye karai langu. Nilipiga vigelegele kabla sijajizuia. Watu wakadhani ni hofu.

Refa alikuwa karani wa tajiri. Akasema bega lililogusa ni moja tu, kwa hiyo mchinjaji hakuanguka. Watu wa Murangi wakaingia uwanjani na makasia yao, watu wa mjini nao wakaingia, na milango ya duka ikapigwa mawe. Tajiri alipoona hivyo akapanda juu ya lori na kuweka sheria mpya: kuanzia siku hiyo hakuna refa. Pigano litakwisha pale tu aliye chini atakaposema kwa kinywa chake mwenyewe, "Nimeanguka." Asiposema, hajaanguka, hata kama amelala chali mpaka kesho. Watu wakaikubali sheria hiyo, na ikatumika kila gulio mpaka pamba ikaisha.

Jioni ile mume wangu alinipa mgongo wake nimwoshe. Mchanga ulikuwa umemganda kwenye mabega yote mawili. Nilikuwa na mimba, ya kwanza, na pengine mimba humpa mtu ujinga wa kusema kweli. Nikasema, "Mbona mchanga uko pande zote?" Aliinuka, akanikumbatia mguu vile vile alivyokumbatiwa yeye, akaninyanyua, akaniachia. Mimba ilitoka. Jirani aliyenisaidia alisema ni mapenzi ya Mungu, nami nikamwambia amwache Mungu, hakuwamo chumbani.

Nilimchukia tangu hapo kwa utulivu, kama mtu anavyofanya kazi yake. Lakini pigano lile la Musoma nalipenda hata hivyo. Ndiyo siku niliyojua kwamba ana uzito kama mtu yeyote, na kwamba kitu chenye uzito kikinyanyuliwa kitashuka.

Pigano la pili lilikuwa Bunda, wakati wa pamba, watu wamejaa mpaka juu ya marobota. Mpinzani alikuwa mkulima wa Guta, kijana mrefu aliyekuwa ameoa karibuni, na wakwe zake walikuja kumtazama wakiwa wamevaa vizuri. Maskini, alipigana kama anayelima, ameinama. Mume wangu alimpiga kabali, akamlaza kifudifudi, akakalia kiuno chake na kuukunja mkono wake nyuma kuelekea juu. Kwa ufundi lilikuwa pigano safi kuliko yote ya mwaka ule. Mpenda mieleka asiyekiri hivyo ni mwongo.

"Nimeanguka," kijana akasema.

"Sijasikia."

"Nimeanguka!"

"Wakwe zako wako nyuma kule. Waambie wao." Na mkono akaupandisha kidogo.

Kijana alilia kama mtoto, akapiga kelele kwamba ameanguka, ameanguka, mpaka kamasi zikamtoka. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana alivyokuwa akikatika maneno ilichekesha kweli. Kisha nikanyamaza na kutazama mikono ya mume wangu. Niliona kwamba mtu anaweza kung'olewa neno mdomoni kama jino, likitaka lisitake.

Nyuma ya watu alisimama mchungaji mmoja wa ng'ombe kutoka Butiama, mtu mzima mwenye msalaba mdogo shingoni, ameegemea fimbo yake. Yeye hakucheka. Alikuja akanunua vitumbua, akala polepole.

"Huyu ndiyo bwana yako, mama?"

"Ndiye."

"Anapendaga kuwaliza watu hivi?"

"Hata nyumbani," nikasema.

Akanitazama usoni, hapa chini ya jicho palipokuwa bado pamevimba. Akafuta mafuta mkononi. "Mimi nitapigana na huyu. Aje kwetu."

Nikamwongezea kitumbua kimoja, nikamwambia goti la kushoto lilipigwa teke na fahali machinjioni, na likisukumwa kwa ndani halishiki. Sikumnong'oneza. Nilisema kwa sauti ile ile ninayouzia vitumbua.

Pigano la tatu lilikuwa Butiama, Jumapili, watu wametoka misa. Tajiri alileta lori zima la mashabiki wa Musoma na Bunda, wafanyabiashara, mafundi cherehani, na hata mwalimu wa chuo cha Kurani wa Bunda, aliyependa mieleka kuliko alivyotaka watu wajue. Upande wa pili walijaa wenyeji na fimbo zao, na akina mama waliokuwa na midomo mikali kuliko fimbo. Mmoja alimzunguka mume wangu akimpapasa tumbo kwa macho. "Huyu mnene wa mjini tutamlalisha kama ndama! Tumletee na majani?" Uwanja mzima ukacheka, na mashabiki wake mwenyewe wakacheka.

Mume wangu angeweza kuvumilia ngumi, lakini kuchekwa hakukuweza. Tena alikuwa na tabia moja ya wanaume wengi wa mjini, kuapa kwa talaka. Wengine huapa kwa mama zao. Yeye alipobishana na mteja buchani alisema, "Mke wangu ameachika kama nyama hii ni ya jana!" na nyama ilikuwa ya leo kila mara, bahati yangu mbaya. Mwalimu alishamkanya, akisema talaka si kitu cha kuchezea. Siku ile Butiama alitema mate, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote, akasema kwa sauti:

"Nikianguka leo kwa huyu mchunga ng'ombe, mke wangu yule pale ameachika, talaka tatu!"

Mwalimu akainuka. "Bwana we, omba msamaha kwa Mungu. Ukishaifunga talaka kwa sharti, sharti likitimia imepita, hakuna wa kuirudisha."

"Basi si nisianguke?" akasema mume wangu, na akaingia uwanjani.

Niliweka mwiko chini. Vitumbua viliungua, watu wakalalamika, sikuwasikia. Nilimwomba Mungu amwangushe mume wangu, na amwangushe kwa mkono wa Mkristo kama hapana budi. Kama mchungaji angeshindwa, ningepanda lori lile lile, niingie nyumba ile ile, na usiku ule angenionyesha jinsi alivyoshinda. Ulimi wake hauna mfupa, lakini mbavu zangu zilikuwa na mifupa, nami nilizijua moja moja.

Walishikana muda mrefu. Mume wangu alikuwa na nguvu zaidi, na wala simwonei kusema hivyo. Mara ya kwanza alimbeba mchungaji nyongani, akamtupa, na yule akatua kwa mikono kama paka. Mara ya pili alimpata kabali, nikaona macho ya mchungaji yakigeuka, na nikauma kanga yangu mpaka ikatoboka. Ndipo mchungaji akaingiza mguu wake kati, akalisukuma goti la kushoto kwa ndani. Halikushika. Mume wangu alikwenda chini chali, mabega yote, kichwa na visigino, na vumbi likamfunika. Kabla hajapumua mchungaji alishamgeuza kifudifudi, amemkalia kiuno, ameushika mkono wa kulia kama alivyoona Bunda.

Uwanja ukalipuka. Kisha ukatulia, kwa kuwa sheria ni sheria. Walisubiri neno.

Mume wangu akafunga mdomo. Mchungaji akaupandisha mkono, jasho likamtoka mume wangu kama mtu aliyemwagiwa maji, lakini mdomo ukabaki umefungwa. Akageuza shingo, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Hapo nikaelewa. Aibu ya kuanguka alishaipata, watu wote waliiona. Alinyamaza ili asiniachie mimi. Alikuwa tayari kuumia, mradi nirudi naye.

"Sema, yaishe!" tajiri alipiga kelele.

"Usiseme!" wakaitikia rafiki zake wa Musoma. "Usiseme, utapoteza mke!"

Yule mchungaji alikuwa mtu mwema, na wema karibu uniue. Alisikia mfupa ukianza kulalamika mkononi mwake, akalegeza, akaniangalia. "Mama, huyu ni bwana yako. Mkono wake ndiyo kazi yake. Nimwachie?"

Watu wote wakanigeukia. Mwalimu aliinamisha kichwa. Mume wangu aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu anioe aliniangalia kama mtu anayeomba. Sitawadanganya kwamba nilisita.

"Hajasema bado, kaka," nikamwambia. "Kaza."

Akakaza. Mfupa ulilia kama kuni mbichi inapovunjwa gotini, na wanawake wa Butiama, wale wale wenye midomo, wakajifunika nyuso. Mimi sikujifunika. Mume wangu alifungua mdomo, kwanza ikatoka sauti isiyo na maneno, kisha ikatoka hii:

"Nimeanguka."

Mwalimu alikuja akasimama mbele ya karai langu. Alikuwa na machozi, sijui ya nani. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi wewe si mke wake tena. Kaa eda yako."

Walimnyanyua wakampeleka kwenye lori, mkono ukining'inia. Alikuwa akiniita. "Mke wangu, njoo unishikie huu mkono. Mke wangu!" Mwalimu akamwambia asiniite hivyo, ni haramu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Watu waliniangalia nione huruma. Nilikuwa nasafisha karai kwa mchanga, kwa kuwa mafuta yaliyoungua yakiachwa yapoe hayatoki.

Walimlaza nyuma, juu ya magunia. Mimi nilikaa mbele kwa dereva, mahali ambapo sikuwahi kukaa. Dereva alikuwa amelala kivulini muda wote wa pigano na hakujua lililotokea, alichoona ni kwamba mpiganaji ameumia. Barabara ya kurudi Musoma wakati ule ilikuwa mashimo matupu. Shimo la kwanza tu, sauti ikatoka nyuma, sauti ambayo nilizoea kuitoa mimi. Dereva akapunguza mwendo, akanigeukia kwa upole.

"Pole sana, mama. Niende polepole kwa ajili ya mzee?"

Nikamwambia hapana, nina haraka.