Siku Nilipomwacha Baba Barabarani

Niliusikia ugonjwa wa baba kabla ya kuuona. Viatu vyake vyeusi vya ngozi vilikuwa na mlio nilioujua tangu nikiwa mdogo: ko, ko, ko, juu ya sakafu ya saruji. Mwaka nilioingia darasa la sita, mlio huo ulianza kugeuka mkwaruzo, kama wa mtu anayefagia changarawe. Kisha, akifika mlangoni, ukawa unanyamaza kabisa. Ungemkuta amesimama kizingitini, mwili umeinamia mbele, magoti yanatetemeka, nyayo zimeng'ang'ania sakafu kana kwamba zimegundishwa. Sisi watoto tulisubiri nyuma yake na mikoba yetu ya shule, tukijua kwamba tumechelewa tena, na kwamba hatuna ruhusa ya kusema lolote.

Baba alikuwa fundi cherehani pale soko la Kibuye. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kati ya wauza mitumba na akina mama wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa hiyo hata nguo mpya alizoshona zilitoka na harufu ya samaki mkavu na mvuke wa pasi ya makaa. Ajabu ni kwamba miguu ile ile iliyogoma mlangoni iliendesha cherehani kutwa nzima bila taabu. Aliketi, akakanyaga, gurudumu likazunguka, na sare za shule zikatoka moja baada ya nyingine. Ni aliposimama tu ndipo shida ilipoanza. Ndiyo maana watu hawakumwamini. Mguu unaoweza kukanyaga cherehani, waliuliza, unashindwaje kuvuka kizingiti? Wengine walisema ni pombe, ingawa baba hakuwahi kuionja. Wengine walinong'ona kwamba amefanyiwa kitu na mshonaji mwenzake. Mama alimpeleka kwenye maombi wiki tatu mfululizo, naye kila mara akarudi amechoka kuliko alivyokwenda. Hujafa hujaumbika, mama alikuwa akisema huku akimfungulia kamba za viatu, lakini alilisema kama mtu anayejikumbusha, si kama mtu anayeamini.

Jumamosi moja asubuhi nilifuatana naye sokoni, nimebeba furushi la sare kichwani. Tulikuwa katikati ya barabara aliponasa. Magari yalisimama, honi zikaanza kulia pande zote mbili. Kijana mmoja wa bodaboda akapiga kelele, "Mzee, umelewa asubuhi yote hii?" Watu wakacheka. Baba alinigeukia, uso wake mkavu bila dalili yoyote, maana ugonjwa ule humnyima mtu hata sura ya kuomba, akasema polepole, "Nyara, nishike mkono." Kwa lugha yetu, nyara maana yake ni "binti yangu". Niliutazama ule mkono. Kisha nikaona, ng'ambo ya pili, wasichana wawili wa darasa letu wakiniangalia. Nikaendelea kutembea. Nilivuka kana kwamba simjui, nikaenda kujificha nyuma ya lundo la kabichi.

Kutangulia si kufika. Kutoka pale nilimwona Mama Achieng', jirani yetu muuza omena, akiweka karai lake chini na kuingia barabarani. Aliyainulia magari kiganja, yakatulia. Hakumvuta baba wala kumsukuma. Aliunyoosha mguu wake mbele ya viatu vya baba, akamwambia, "Ruka mguu wangu, Baba. Usiangalie hawa watu." Baba akainua mguu, akauruka. Mama Achieng' akaunyoosha tena, baba akauruka tena. Hivyo ndivyo walivyofika ukingoni, kama watoto wanaocheza. Mama Achieng' aliniona nyuma ya kabichi, akarudi kuokota karai lake. Jioni alikuja nyumbani akamwambia mama, "Huyu si mlevi. Mlevi hawezi kuruka mguu wangu vile. Peleka yeye hospitali." Baba alikuwa amekaa palepale. Nilingoja aseme nilivyofanya. Aliomba chai.

Daktari aliyempima alikuwa mama mtaratibu. Alimwambia baba atembee kwenye korido, ageuke, apite mlangoni, kisha akatueleza jina la ugonjwa: Parkinson. Miguu haina kosa, alisema. Kwa mtu mwenye afya, ubongo huendesha hatua kimyakimya, mtu asifikirie kabisa. Sehemu inayofanya kazi hiyo kwa baba ilikuwa inadhoofika, na amri ikawa inakatika njiani, hasa mahali pembamba au anapogeuka. Lakini akipewa kitu cha kulenga kwa macho, ubongo huweza kupitia njia nyingine. Mama alipomsimulia ya ule mguu barabarani, daktari aliuliza, "Huyo mama wa omena alijuaje?" Alimwandikia dawa, na kuanzia siku ile nikawa naamka mapema kuchora mistari kwa chaki ya baba ya kushonea, hatua kwa hatua, kutoka kitandani hadi nje. Mama akipiga deki, nilichora upya. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilikuwa nikitubu.

Dawa zilimsaidia miaka mingi, kisha zikaanza kuchoka kama yeye. Siku hizi yuko nyumbani kijijini, upande wa Katito, na hasimami tena. Mimi nafundisha Maseno. Kila Ijumaa nakwenda kumpokea mama zamu. Siku hizi majirani wanalijua jina la ugonjwa, wanalitamka vizuri, na hakuna anayetaja uchawi wala pombe. Nashukuru. Ila kujua hakumpunguzii baba uzito ninapomgeuza asipate vidonda, na mgongo wangu si wa msichana tena. Mwaka ule nilikwepa kuushika mkono wake kwa dakika moja. Sasa naushika siku mbili kila wiki, na bado sioni kama nimelipa.

Mwezi uliopita nilimwambia. Nilisema nilikuwa nyuma ya kabichi, nilimwona, nilimsikia. Sauti yake imebaki nyembamba sana, ikabidi niinamishe sikio hadi mdomoni mwake.

"Najua," alisema. "Hata mimi, nyara, miguu ingekubali, ningejiacha pale nikaenda zangu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Uso wake haukubadilika, lakini kifua kilitikisika, nikajua naye anacheka. Kisha nikamgeuza upande wa ukutani, nikakaa sakafuni kunyoosha mgongo, maana baada ya saa mbili ningemgeuza tena.